Trekta Lililotoka Mahabusu

Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei, saa nne asubuhi, nilifukiza mtaa mzima kwa moshi wa trekta langu. Injini ikiamka baada ya kulala muda mrefu hutoa moshi wa pumzi mbili tatu, na hilo nililijua. Huu wangu ulikuwa mzito, mweupe wenye bluu ndani yake, unamwagika kutoka kwenye silensa kama vile kuna mtu anachoma mkaa chini ya boneti. Upepo haukuwepo, kwa hiyo ulitambaa juu ya uzio ukamfikia jirani yangu, mzee mstaafu aliyekuwa ametoka na kikombe cha kahawa kuangalia tulipu zake. Nikazima haraka. Mzee akaniinulia mkono. Kama ilikuwa salamu au pole, sikuelewa.

Ninaishi kwenye kitongoji kimoja nje ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, na nyumba yetu ina karibu robo tatu ya eka ya majani. Kwa mtu aliyekulia Morogoro, robo tatu ya eka ni mahindi, maboga na tuta la mchicha. Hapa ni majani matupu, na huruhusiwi hata kuyaacha yakue: mji wetu umeweka kikomo cha inchi 8, ukizidisha unaletewa barua. Mwaka wa kwanza nilikata kwa mashine ya kusukuma hadi mgongo ukanishinda. Mwaka wa pili nikanunua mkononi mwa mtu trekta dogo la kukatia majani, lenye umri wa miaka 11, injini ya silinda moja ya cc 500, nguvu farasi 17 na nusu. Mke wangu aliliita gari langu la pili.

Mwisho wa Oktoba nikakata mara ya mwisho, nikaliingiza bandani, nikafunga mlango. Hayo ndiyo yalikuwa maandalizi yangu yote ya majira ya baridi. Tangi lilikuwa nusu. Sikufikiri kwamba kuna cha kufanya, maana nilikotoka injini hailali. Bodaboda inazimwa saa sita usiku, saa kumi na moja alfajiri inapigwa kiki. Mashine ya kusaga haiijui Jumapili. Tunajua injini inachoka kwa kazi, kwa vumbi, kwa oili ya kuchakachua. Kwamba inaweza kuumia kwa kukaa tu, haijaguswa na mtu, halikuwa jambo la kunijia akilini. Basi nje baridi ikashuka hadi nyuzi 29 chini ya sifuri, theluji ikaziba mlango wa banda, na humo ndani mambo yakawa yanaendelea bila mimi.

Dalili ya kwanza niliipata asubuhi ile ile ya Mei, nikaipuuza. Betri ilikuwa imekufa, nikaichaji usiku kucha. Nilipozungusha ufunguo, injini ilizunguka nusu mzunguko ikasimama ghafla, ka! kama imegonga ukuta. Nikajaribu tena, ka! Mara ya tatu ikajivuta, ikakohoa, ikawaka. Nikasema betri haijashiba. Leo nikisikia mlio ule nitaondoa mkono kwenye ufunguo na kuchomoa plagi ya cheche kwanza. Injini ya silinda moja yenye betri nzima ikigoma kuzunguka namna ile, huenda juu ya pistoni kumejaa kitu cha majimaji. Hewa unaweza kuikandamiza, petroli huwezi. Kuna watu wamepinda konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, kwa kulazimisha. Mimi niliponea tu.

Kosa la pili lilitokana na elimu yangu ya kijiweni. Kwetu moshi wa bluu una maana moja: ringi, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande, zimekwisha, injini inakula oili. Nikapiga simu kwenye gereji moja ya mashine za bustani, wakaniambia bila kuliona kwamba huenda ni ringi kweli, foleni ni wiki 3, na kwa umri huo heri nifikirie injini mpya. Bei ya injini mpya ilikaribia ile niliyonunulia trekta zima. Nikakata simu. Nikajiambia, kama inakula oili, basi oili imepungua. Nikachukua chupa, nikamimina nusu lita. Dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, sikuichomoa. Nikawasha tena kuona kama kuna nafuu, na safari hii moshi ulifika hadi nyumba ya tatu.

Hapo ndipo nikamkumbuka mjomba. Saa nne na nusu asubuhi kwetu huku ni saa kumi na mbili na nusu jioni Morogoro, wakati anafunga kibanda chake karibu na stendi ya Msamvu. Ni fundi pikipiki tangu zile za zamani zilizochanganywa oili kwenye petroli.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Habari za barafuni?"

Nikamtumia video. Nikasubiri kusikia neno ringi. Akaiangalia, akaguna.

"Dipstiki inasemaje?"

Nikamwambia sijaichomoa.

"Na oili uliongeza kiasi gani?"

"Nusu lita."

"Bila kupima." Hakuuliza, alisema. "Haya, ichomoe sasa."

Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili, nyepesi, inateleza kwenye chuma kama chai. Akaniambia niinuse. Harufu ilikuwa ya kituo cha mafuta.

"Usiiwashe tena," akasema. "Huo mtambo wako umetoka mahabusu."

Nilidhani ananitania. Kumbe kwake hilo ni kundi maalumu la wagonjwa. Pikipiki ikikamatwa inakaa kwenye yadi ya polisi mwezi, miezi mitatu, wakati mwingine mwaka, juani na mvuani. Siku mwenyewe akilipa faini anaisukuma moja kwa moja hadi kwa fundi, maana haiwaki, au inawaka na kufukiza. Aliyeikamata hakuwa na haja ya kufunga koki ya petroli. Boya la kabureta limekwama, petroli imedondoka tone kwa tone usiku na mchana. Pikipiki nyingi zina mpira mdogo wa kumwaga ziada chini, lakini nyigu wakishajenga humo, ziada inaingia kwenye injini. Mjomba amezifungua nyingi. Kwa miaka yote hiyo yeye alikuwa na ujuzi wa majira ya baridi ya Minnesota bila kuona theluji, na mimi niliyeishi ndani ya theluji sikuwa nao.

Nieleze kidogo kinachotokea, maana nilipokielewa niliacha kulilaumu trekta. Kabureta ina bakuli dogo la petroli, na ndani yake boya, kama lile la tangi la choo. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma sindano ndogo, mafundi wetu wanaiita nidili, inaziba tundu. Petroli ikishuka, nidili inaachia. Sasa tangi la trekta langu liko juu kidogo ya kabureta, hakuna pampu, hakuna koki, mteremko tu. Nidili isipoziba sawasawa kwa miezi sita, tangi zima lina ruhusa ya kuhamia kwenye injini. Bakuli linafurika, petroli inamwagikia koo la kabureta, inapita valvu ikiwa wazi, inakaa juu ya pistoni, kisha taratibu inajipenyeza kando ya ringi na kushuka kwenye oili.

Kwa hiyo moshi wa bluu ulisema kweli kwamba oili inaungua. Uongo niliutia mimi nilipoongeza neno ringi. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi, ringi hata ziwe mpya haziwezi kuifuta ukutani. Tena ilikuwa imezidi, kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inaipiga inatoka povu, na bomba la kupumulia la injini linairudisha kwenye kabureta ikachomwe upya. Moshi mweusi ungenipeleka kwenye choki iliyokwama au ea klina (kichujio cha hewa) iliyojaa uchafu. Mweupe unaotoweka kwa dakika moja ungekuwa unyevu tu. Rangi inakupa mtaa, namba ya nyumba unaitafuta mwenyewe.

Nikamwaga oili nje, mbali na gereji, kwa sababu gereji yetu ina mtungi wa kupasha maji wenye moto wa gesi ndani yake, na beseni la oili yenye petroli halitakiwi kukaribiana na moto wa aina hiyo. Kitabu cha injini kinasema inachukua lita 1.4. Nilipima kilichotoka: lita 2.3. Nikaondoa hizo 1.4 na nusu lita ya ujinga wangu, zikabaki lita 0.4 ambazo hakuna binadamu aliyezimimina. Petroli ya kujaza chupa ya kawaida ya soda ilikuwa imekaa kwenye oili. Mchanganyiko ule nikaupeleka kwenye kituo cha kaunti kinachopokea taka za hatari.

Mzee wa tulipu alikuwa ameshavuka uzio. Hakuongea mengi. Aliangalia, akauliza trekta lilihifadhiwa wapi, nikamwonyesha banda, akaenda kwake akarudi na bisibisi, glavu na chupa ya maji yenye dawa ya klorini. Akasema kabla ya lolote tufungue kifuniko cha feni. Mimi niliona anapoteza muda, tatizo si tumeshalijua? Bolti nne zikatoka, kifuniko kikanyanyuliwa, na pale juu ya silinda, katikati ya mapezi ya kupoozea, kulikuwa na kiota cha panya kikubwa kama kofia. Kimefumwa kwa majani makavu na sponji, na sponji ile nikaitambua: ilitoka kwenye kiti changu.

Akanizuia nisikiguse. Akakilowesha kwanza kwa ile dawa, akanipa glavu. Panya wa porini wa huku wanaweza kubeba hanta, virusi vinavyoshambulia mapafu, na mtu anavipata kwa kuvuta vumbi la mkojo na kinyesi chao kilichokauka. Kiota kile hakikuwa kimeleta moshi. Lakini ningekarabati kila kitu na kuingia kukata majani saa nzima, injini hiyo inayopoozwa kwa hewa ingekosa hewa, na hapo ningeuchemsha mtambo mzima huku nikijisifu kwamba nimeutengeneza.

Kabureta niliifungua mwenyewe jioni ile, simu imeegemezwa kwenye kopo, mjomba upande wa pili anapiga miayo. Kabla ya kuchomoa chochote alinilazimisha nipige picha springi za gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, kutoka pande tatu, na namshukuru, maana nilipokuja kuzirudisha kulikuwa na matundu manne na springi mbili. Chini ya bakuli kuna swichi ya umeme yenye ncha inayotoka na kuingia. Nilikuwa nikiamini kwamba ukizima ufunguo, hiyo ndiyo inayofunga petroli. Inafunga jeti kubwa tu, yaani kitundu kikuu cha kupitishia petroli, ili injini isirushe moto wakati wa kuzimika. Petroli inayofurika inapita kwingine.

Ndani ya bakuli kulikuwa na utando wa rangi ya asali, unanata kama gundi ya mti. Petroli ya kawaida ya jimbo hili ina ethanoli asilimia 10, inavuta unyevu, na ikikaa miezi nyepesi yake inayeyuka na kuondoka, uzito unabaki umeganda. Ule utando ulikuwa umeishika nidili ikiwa wazi nusu. Ncha yake ya mpira nayo ilikuwa na kovu la duara, kama kidole kilichovuliwa pete. Mjomba alitaka kuona kovu lile karibu. Nikalisogeza kwenye kamera.

"Hiyo hata ukiisafisha itavuja," akasema. "Nunua."

Nidili mpya na gasketi ya bakuli viligharimu dola 14. Siku tatu za kusubiri nilizitumia kuloweka kabureta kwenye dawa na kuzibua vijitundu kwa uzi wa waya wa shaba, kwa kuwa waya wa chuma unakwaruza jeti. Vilipofika, mjomba akanipa jaribio lake la bure: geuza kabureta juu chini ili boya lifunge kwa uzito wake, weka mdomo kwenye bomba la kuingizia petroli, puliza. Hewa isipite hata kidogo. Igeuze sawa, puliza, ipite. Nilipuliza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mdomo ukawa na ladha ya dawa hadi kesho yake.

Tukarudisha. Oili mpya, lita 1.4 zilizopimwa. Plagi ikiwa nje na waya wake umegusishwa kwenye chuma, nikazungusha injini, tundu likatema petroli na oili nyeusi hatua mbili mbele. Ikaendelea kutema hadi ikabaki hewa. Nikaweka plagi mpya. Mzee amesimama kwake, mke wangu yuko dirishani. Nikawasha.

Moshi ulikuwa mbaya kuliko siku ya kwanza.

Nikazima, nikakaa chini kwenye majani. Dola 14, siku nne, dawa mdomoni, na bado ni ringi. Nilikuwa nimeanza kutafuta bei ya injini nilipopigiwa na mjomba mwenyewe kuuliza matokeo. Nikamweleza. Akacheka, kitu ambacho siku ile kiliniudhi.

"Silensa umeimwaga?"

Oili yote iliyotupwa Jumamosi ilikuwa imekaa ndani ya silensa, imeganda kwenye kuta zake. Ikipata moto lazima iungue, na haina pa kwenda isipokuwa nje. Akasema nichomoe dipstiki tena, nikiiona oili iko kwenye alama yake na hainuki, niwashe na niwe na subira. Nikawasha. Dakika ya tano bado mtaa haukuonekana. Dakika ya nane ukaanza kuwa mwembamba. Kufika dakika ya kumi na tano nilikuwa naangalia mdomo wa silensa na kuona hewa inatetemeka kwa joto, basi. Nikakata majani yote yaliyokuwa yameshakaribia zile inchi 8. Baada ya saa mbili za kazi nikamwaga oili ile mpya nikaweka nyingine, kwa kuwa petroli hubaki kwenye kona za injini. Watu wengine wanaruka hatua hiyo wakiona ni ubadhirifu. Oili ilitoka inanuka kidogo, nami sikuona ubadhirifu.

Kilichobaki kunisumbua ni kawingu kadogo kila nilipowasha asubuhi. Injini hizi za silinda moja zenye valvu juu zina sehemu nyembamba ya hedi gasketi (kizibo bapa kati ya kichwa cha injini na silinda), kati ya silinda na chumba cha fito zinazosukuma valvu. Ikipasuka pale, mgandamizo unaingia upande wa oili na kuisukuma kwenye kabureta, ukaona moshi ule ule. Kipimo cha kawaida cha mgandamizo kinadanganya hapa, kwa sababu injini ina kifaa cha kuachia pumzi ili iwe rahisi kuwashwa. Mzee akaleta cha kwake cha kupuliza hewa ndani ya silinda ikiwa imefungwa, kisha ukasikiliza inakovujia. Ikitokea kwenye silensa ni valvu ya kutolea, kwenye kabureta ni valvu ya kuingizia, kwenye tundu la dipstiki ni ringi au gasketi. Tulitega masikio kama madaktari. Kwenye dipstiki kulikuwa na mnong'ono hafifu, wa kawaida kwa umri ule. Kwingine kimya. Ringi zikaachiwa huru rasmi, na kawingu nikaamua kuishi nako.

Oktoba iliyofuata nilijiandaa kama mtu wa msafara. Nilinunua petroli isiyo na ethanoli, ambayo Minnesota inauzwa kwa ajili ya boti, magari ya kale na mashine ndogo kama hii, nikaitia dawa ya kuhifadhi. Kwenye bomba kati ya tangi na kabureta nikapachika koki ya dola chache. Nikabadilisha oili kabla ya kulaza badala ya baada. Nikaacha injini iungurume dakika kumi, nikafunga koki, nikaisubiri ikauke na kufa yenyewe. Betri nikaingiza ndani. Vidonge vya kufukuzia nondo kabatini mzee alividharau, akaniambia niweke steel wool, ile ya kusugulia sufuria, kila tundu ambalo panya angeweza kupita, na nikaandika kwenye karatasi nyekundu idadi ya matundu niliyoziba ili nisisahau hata moja nikaja kuwasha injini likiwa bado limezibwa.

Mjomba nilimtumia picha ya koki. Akauliza bei, nikamtajia. Akasema kwa bei hiyo angeagiza ishirini, azigawe getini kwenye yadi ya polisi.

Mwaka huu Mei ilipofika nilitoa vizibo vyote sita, nikazungusha injini kwa mkono kwanza, ikazunguka laini. Nikafungua koki, nikahesabu hadi mia, nikaangalia chini kama kuna tone. Nikawasha. Moshi ulitoka kiasi cha sigara moja, ukapotea kabla haujafika kwenye uzio. Mzee hakugeuka hata kuangalia. Nikazima, nikashuka, nikachomoa dipstiki, nikainusa.